Mawese Hulala Penye Baridi

Baba Mwamini, mpenzi wangu uliye mbali na mlango wako,

Asubuhi hii mawese yamelala tena chunguni. Nilifunua nichote ya kuungia maharage, upawa ukagoma kuzama. Yameganda juu, ya manjano, mazito, kama uji uliosahauliwa. Mtu mwingine angeona mafuta tu, angekisogeza chungu karibu na moto, akaendelea na mambo yake. Mimi nilikaa chini palepale na upawa mkononi, kwa sababu ndani ya chungu kile nilikuona wewe.

Nakuandikia kwa herufi ulizonifundisha mwenyewe, zile ulizozileta kutoka shule ya Wadachi kule Usumbura, ukanichorea majivuni kwa kijiti huku mimi nikichambua mboga. Sikufika mbali, unajua. Herufi nyingine bado zinanizunguka, na kalamu inanichosha mkono kuliko mchi. Nikikosea usinicheke. Au nicheke, mume wangu. Cheka hata uchoke, mradi uchekee hapa.

Mwanao ni mzima. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kabla hujaweka mzigo chini. Ameota meno, na anasimama kwa kushika ukingo wa kinu. Neno lake la kwanza lilikuwa "baba", lakini usijisifu haraka, kwa sababu hilo ndilo jina analokipa kila kitu kinachonguruma. Radi ikilia juu ya milima, anasema baba. Mawe ya kusagia yakianza kusuguana, anasema baba. Siku ile ufukweni alikuwa mgongoni kwangu, na nadhani masikio yake yalishika kile yalichoweza kushika. Kilichoondoka kikinguruma, kwake yeye, ndiye baba.

Unakumbuka jinsi ile mashua ilivyokuwa ikikohoa? Ulipokuja nayo Rumonge, fundi wa mashine wa yule Mdachi mwenye ghala la mawese, sisi wanawake tuliokuwa tunakamua chikichi tuliisikia kabla hatujaiona. Ko! Ko! Ko! Kama mzee aliyeamkia baridi. Kwa macho ilikuwa nzuri, ya chuma, imepakwa rangi nyeupe. Lakini ikishapakiwa mapipa kule Kigwena na Gatete ilikuwa inajikokota, na wavuvi walikuwa wanaipita kwa kasia huku wakiimba. Ndiyo maana watu wakaiita Kikohozi. Bwana wako alikuwa ameiandika jina jingine ubavuni, la kwao, lakini hakuna aliyelijali.

Jioni moja tulikuwa tunakula, wewe na baba yako mhunzi kwenye mkeka wenu, mimi karibu na mlango. Baba akakuuliza, "Ile mashine yako inaumwa nini?"

Ukasema, "Haiumwi, Baba. Imebanwa pua."

"Nani ameibana?"

"Hao hao walioiunda. Bomba lake la kuvutia upepo ni jembamba kama muwa wa mtoto, tena limekunjwa kama kiwiko. Na mdomoni wameweka wavu wa waya, umejaa kutu. Inataka kupumua, haipati."

Baba akacheka mpaka akakohoa yeye. "Basi huyo mhunzi wao ni mhunzi gani? Sisi tukiweka kewa nyembamba, moto unabaki mwekundu, chuma kinakutazama tu. Weka kewa pana, moto unakuwa mweupe, chuma kinalia."

Tonge lilibaki mkononi mwako mpaka mchuzi ukakutiririka kiwikoni. Nilijua umeshaondoka pale mkekani, uko kiwandani kwa baba nyuma ya nyumba, unaitazama kewa, kile kibomba cha udongo kinachopeleka upepo wa mivukuto kwenye makaa, kitu ulichokiona tangu unatambaa.

Kesho yake ulimwomba bwana wako ruhusa. Ulinisimulia alivyokucheka, akasema waliounda mashine wanajua kazi yao. Lakini mawese yake yalikuwa yanachelewa kila safari, naye alikuwa mtu asiyependa kuchelewa. Akasema fanya, ila mashine ikivunjika na wewe utavunjika. Ukaja nyumbani unatafuta shaba. Baba hakuwa nayo. Ukaanza kuizunguka sufuria yangu, ile niliyokuja nayo kutoka kwa mama, kama mbwa anavyozunguka nyama ya wenyewe. Unaitazama, unaondoka, unarudi.

Nikakwambia, "Ichukue basi. Tutapikia chungu."

"Mama yako atasemaje?"

"Atasema nimeolewa na mwizi. Alishasema."

Sijawahi kuona sufuria ikigeuka vile. Mliipasha moto, mkaizamisha majini ilainike, mkaipiga taratibu juu ya gogo lililolainishwa, wewe upande huu na baba upande ule, nyundo zenu zikipokezana bila kugongana. Ikawa bomba pana, lenye pindo moja tu la upole, na mdomo uliofunguka kama wa baragumu. Ukasema ndani lazima pawe laini kabisa, upepo usijikwae. Mkono wako haukupita. Wangu ulipita. Nikakaa kizingitini na majani ya msasa, nasugua ndani ya sufuria ya mama yangu mpaka vidole vikaota malengelenge, na wewe ukaja ukavipuliza kimoja kimoja kama mtu anayewasha moto. Baba alijifanya haoni.

Siku mliyoifunga, ulifungua na tundu la mafuta kidogo, ukanieleza kwamba pumzi ikiongezwa na chakula kiongezwe, la sivyo moto unatafuna upepo mtupu. Sikuelewa yote. Nilielewa sauti. Kikohozi haikukohoa. Ilinguruma kutoka tumboni, maji yakapasuka nyuma yake, wavuvi wakainua makasia juu wakipiga kelele. Ulikwenda mpaka ukawa nukta, ukarudi. Uso wako siku ile! Mungu akinipa kukiona tena kitu kimoja tu katika dunia hii, na anipe uso ule.

Halafu mashine ikala mchanga. Ule wavu wa kutu ulikuwa umeutupa, mdomo wa shaba ukawa wazi, na kiangazi kilikuwa kimeingia. Upepo wa Kigwena ulikuwa unarusha mchanga, na majivu ya nyasi zilizochomwa milimani yalikuwa yanashuka mpaka ziwani. Ulipoifungua mashine ulikuta imekwaruzwa ndani kama imepitiwa na kucha za paka. Ukirudisha wavu, pua inabanwa. Ukiacha wazi, inakula mchanga. Ulikaa jikoni kwangu umejiinamia, hutaki kula, na mimi nikaendelea na kazi yangu, namimina mawese kwenye chujio.

"Usisogee!" ulisema.

Nikaganda. Nilidhani ni nyoka. Ukaninyang'anya chujio, lile letu la kawaida la nyuzi za mchikichi, ukaliinua kwenye mwanga wa mlango. Majivu ya jikoni yalikuwa yamenata kwenye zile nyuzi zenye mafuta, na katikati ya nyuzi mwanga ulipita vizuri.

"Vumbi linanasa," ulisema polepole. "Upepo unapita."

"Na mimi mkono umekufa ganzi. Naruhusiwa kusogea?"

Nikakusukia chujio kubwa la kuvalishwa kwenye ule mdomo wa shaba, tukalilowesha mawese, tukalikamua. Baba alipoliona akasema, "Mashine imevaa kofia. Ijumaa tutaiona msikitini."

Ukanichukua mpaka Gatete. Tumbo langu lilikuwa limeshaonekana, na wanawake ufukweni wakasema mimba itashtuka. Haikushtuka. Ilicheza. Upepo ulinivua mtandio, nikaukamata kwa meno. Kila kitu cha mashine ile kilikuwa kinachoma, harufu ya mafuta ilinikaa kooni, ukaushika mkono wangu ukauweka juu ya bomba la shaba. Lilikuwa baridi. Baridi kama mtungi wa maji.

"Hapa ndipo inapovutia pumzi," uliniambia sikioni. "Upepo ukipita kwa kasi unapoa."

Nililiweka neno hilo moyoni bila kujua nitalitumia wapi.

Ilipofika asubuhi moja ya baridi, mkiwa mmetoka tu Gatete na mapipa, Kikohozi ikafa katikati ya maji. Mitumbwi iliwavuta mpaka nyumbani. Wale wavuvi hawana huruma.

"Fundi! Mashine iko na njaa? Tuipikie uji?"

"Yemwe! Muivulie kofia, labda inasikia joto!"

Ulipita mlangoni ukatupa kikapu chini. Nikalitoa lile chujio kwenye kikapu chako, nikaona lilivyo, gumu, limezibika la manjano, hakuna hata tundu. Nikacheka mpaka nikalishika tumbo kwa mikono miwili.

"Mume wangu, mawese hulala penye baridi. Hata mtoto anajua. Wewe mwana wa Rumonge!"

"Mashine ni moto," ulisema kwa hasira. "Nitajuaje kwamba yatalala juu ya moto?"

"Mashine ni moto, lakini pua yake ni baridi. Si ulinishikisha mwenyewe?"

Ukanitazama, halafu ukaanza kucheka na wewe. Nikakwambia kwamba kwa bibi yangu kule milimani, ambako baridi ni baridi kweli, watu hupaka watoto mafuta ya mbarika alfajiri nayo yanateleza vilevile. Mbarika hayalali. Nikakusukia chujio la pili, tukalilowesha mafuta ya mbarika, likawa jeusi. Tangu siku hiyo yalining'inia mawili kwenye vigingi karibu na meko: jekundu la mawese, la jua kali, na jeusi la mbarika, la asubuhi. Mwamini alipozaliwa, macho yake ya kwanza kutazama mbali yalitazama vitu hivyo viwili vikipepea juu ya moshi.

Laiti tungeiacha ikohoe.

Nimelisema neno hilo mara nyingi, na sipendi kulisema mbele ya baba. Vita vilipokuja, wakubwa wa askari wa Wadachi walipita pwani nzima wakichagua vyombo. Mashua zilizokuwa zinajikokota waliziacha zilipo. Yetu ilikuwa imeshasikika mpaka Usumbura. Mashua ya mawese inayokimbia kuliko yote! Sifa ilikwenda mbele yetu kama harufu ya nyama. Wakaja, wakaitazama, wakasema alfajiri waione inavyokwenda. Ikifaa inakwenda vitani na fundi wake. Isipofaa, ibaki na mawese yake.

Na alfajiri ile ilikuwa ya baridi.

Unakumbuka, lakini niache niikumbuke na mimi, kwa sababu naizungusha kichwani kila siku na sasa tu ndiyo imenionyesha upande wake wa pili. Nililiondoa jeusi kwenye kigingi nikalificha kwenye mtungi wa unga. Ulipoinuka kutoka kwenye swala, nikakupa lile jekundu. Ulilipokea, ukaligusa kwa kidole gumba, lilikuwa limeshaanza kuwa gumu.

"Mama Mwamini, liko wapi lile jeusi?"

"Sijui."

"Mama Mwamini."

"Itakohoa kidogo tu! Itakohoa, watatukana, watakwenda zao. Mwanao hajaota hata jino."

Ulikwenda moja kwa moja kwenye mtungi wa unga. Ulikuwa unajua mahali ninapoficha vitu tangu tulipooana. Ukalipangusa unga kwa kanzu yako, ukasimama mbele yangu, ukasema maneno ambayo niliyachukia.

"Si hapa. Hapa kuna ninyi."

Ukatoka.

Nilidhani ni majivuno ya uhunzi. Nilidhani mwana wa mhunzi hawezi kuvumilia moto wake ukohoe mbele ya watu. Nikasimama ufukweni na mtoto mgongoni, nikaisikia ikinguruma kwa sufuria ya mama yangu na mafuta ya bibi yangu, na yule mkubwa wa askari akavua kofia akapiga paja kwa furaha. Wakapakia bunduki. Wewe ulikuwa umesimama karibu na bomba, mkono juu ya shaba. Sikukupungia. Mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika miguu ya Mwamini.

Niliporudi, kigingi cha jeusi kilikuwa kitupu, kama nilivyotazamia. Lakini na cha jekundu, ambalo nilidhani umelirudisha, kilikuwa kitupu. Nilitafuta chini ya kinu, nyuma ya kuni. Nikasema panya, kwa kuwa nyuzi zenye mawese panya huzipenda. Nikaacha.

Baada ya hapo, baba Mwamini, sina mengi ya kukusimulia ambayo ni mazuri. Ghala limefungwa. Chikichi zinaoza chini ya michikichi kwa sababu hakuna wa kuyabeba mawese, na wanaume wenye mgongo mzima wamechukuliwa kubeba mizigo ya vita. Tunakula mawese kwa wali pakiwa na wali, kwa mihogo pakiwa na mihogo. Kuna siku tunasikia mizinga kutoka ziwani, mbali, kama mtu anayefunga milango mikubwa ya nyumba tusiyoiona. Mwamini anasema baba. Mimi namwambia hapana mama, huyo siye.

Baba amezeeka. Hapigi chuma tena, anautunza moto tu, makaa kidogo, usizimike. Unajua desturi ya ukoo wenu. Mhunzi akifa, moto wake unazimwa, na mdomo wa kewa unazibwa kwa udongo mbichi. Ukishazibwa watu hawahitaji kuambiwa. Wanakuja na mikeka.

Juzi alikuja mvuvi kutoka Kabonga na mizigo yake ya dagaa, akatusalimia amahoro, akaomba kulala siku mbili. Tulipompa chakula akamwuliza baba kama yeye ndiye baba wa fundi wa Kikohozi. Nilikuwa mlangoni. Nilijua ana habari mbaya kwa namna alivyoweka tonge chini.

Akasema aliiona. Ililala kwenye ghuba yao na askari ndani yake, na alfajiri ikawashwa kuelekea kusini. Ikaenda, ikafia majini. Upepo ukaisukuma kuelekea ng'ambo, kwa Bulamatari, wale Wabelgiji wanaopigana na Wadachi, askari wakipiga kelele na kupiga maji kwa vitako vya bunduki. Ukungu ukaifunika. Baadaye wakasikia risasi, si nyingi. Siku iliyofuata wakaokota pipa tupu na kofia ya askari. Zaidi ya hapo hakuna aliyeona.

"Mungu amrehemu, Muzee," alisema.

Baba alinawa mikono. Jana jioni nilimwona anateremka mtoni, akarudi na udongo kwenye jani la mgomba, akaufunika kwa kitambaa kilicholowa mlangoni mwa kiwanda. Nilijua maana yake. Nilimnyonyesha mwanao nikifikiri, kesho nitavikwa nguo za eda, na huyu atakuwa yatima kwa vinywa vya watu hata kama Mungu bado hajaamua.

Ndipo asubuhi hii upawa ukagoma kuzama.

Nilipopata nguvu za kusimama nilikimbia na chungu kizima. Mvuvi alikuwa anafunga mzigo wake uani. Nikamshika mkono, mwanamke mzima namshika mkono mwanaume asiye wangu, nikamwuliza, "Kaka, ilikufaje? Ilikatika ghafla?"

"Hapana, mama. Ilianza vizuri kabisa, ilinguruma. Halafu ikawa…" Akajifinya pua kwa vidole, polepole. "Kama mutu anazibwa pumzi kidogo kidogo. Ikakohoa, ikakohoa, ikanyamaza."

"Asubuhi ilikuwa ya baridi?"

"Ego, ndiyo, baridi sana. Kwa nini?"

Nilimwombea safari njema, nikangoja avuke ua, nikaingia kiwandani. Baba alikuwa amepiga magoti, udongo uko viganjani mwake, anaufinyanga. Makaa yalikuwa bado mekundu kidogo. Nikaweka chungu mbele yake.

"Baba, tazama. Yamelala."

"Mkamwana, niache."

"Alikuwa na jeusi, Baba. Lile halizibiki kwa baridi, yeye mwenyewe alilijua. Mashine yenye jeusi haifi vile. Alikwenda na yote mawili. Mimi nilisingizia panya." Nilikuwa nanong'ona, kwa sababu maneno yale wakiyasikia wenye vita yanaweza kutunyonga wote. "Aliniambia si hapa, hapa kuna ninyi. Alingoja awe mbali. Alingoja asubuhi ya baridi na upepo wa kwenda ng'ambo. Alilivalisha jekundu kwa mkono wake."

Baba aliinama juu ya chungu.

"Na risasi?" aliuliza.

"Sijui, Baba."

"Na kofia?"

"Si kofia yake. Na pipa si lake. Zaidi ya hapo sijui."

Nisikudanganye, mume wangu. Sijui kweli. Huenda waliijua hila yako na risasi zile zilikuwa zako. Huenda ng'ambo hamkufika. Huenda jeusi lilichanika na ukalivalisha jekundu kwa shida tu, na mimi nimejisukia tumaini kwa nyuzi zisizoshika kitu. Nimeyafikiri yote hayo tangu asubuhi, na nitayafikiri tena nikilala. Lakini kila mtu anaposema mashine ilikufa, moyo wangu unasema ililala. Na mimi nimekaa na mawese maisha yangu yote. Najua yanavyofanya jua likipanda.

Baba alikaa na udongo wake mkononi mpaka ukaanza kukauka pembeni na kupasuka. Halafu akasema, "Mimi sijaamini, mkamwana. Usiniambie niamini."

"Sikuambii, Baba."

"Lakini sitaziba."

Akautupa udongo nje. Akajaribu kuishika mivukuto, ikamshinda, akaiacha. Nikamfunga Mwamini mgongoni, nikakaa mahali unapokaa wewe. Ni kazi ngumu kuliko ilivyoonekana ulipokuwa unaifanya. Ngozi ni kavu, inabidi mkono mmoja upande huku mwingine unashuka, na mimi nilikuwa naichanganya. Makaa yakatoa moshi, yakatoa cheche. Baadaye yakakubali. Upepo ukapita kwenye kewa, moto ukaanza kuvuta pumzi kwa sauti nzito, chini chini.

Mgongoni kwangu mwanao akainua kichwa, akasema, "Baba."

Nikangoja babu yake aseme hapana. Hakusema. Alikuwa amegeukia ukuta, anajipangusa uso kwa mkono wenye udongo.

"Vuta tena," akaniambia. "Vuta, mkamwana."

Barua hii siwezi kumpa mtu aibebe. Nitaificha jikoni, na vile vigingi viwili nimevifuta masizi. Chungu nimekiacha pale kizingitini pa kiwanda. Nikiandika haya jua limekifikia, na mawese yameanza kuachana na ukingo, mekundu, yanatembea.

Ukiwa uko mahali penye jua, na wewe amka uje.

Mkeo, anayekutunzia moto,
Mama Mwamini